Kichocho cha Ukambani na njia yake ya mapafuni

Hakuna mnyoo wa kichocho anayekomaa mwilini mwa mtu bila kwanza kupita mapafuni. Kiluwiluwi hutoka kwa konokono, hutoboa ngozi ya mtu aliyeingia majini, kisha damu humbeba hadi upande wa kulia wa moyo na kumsukuma mapafuni. Huko hukaa siku kadhaa akijinyoosha, mpaka awe mwembamba wa kupenya mishipa ambayo upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Ndipo huvuka upande wa pili na kuelekea kwenye mishipa ya ini, anakokomaa kabla ya kuhamia mishipa ya utumbo au ya kibofu, makao yake ya miaka mingi.

Watu wa Kitui na Makueni wanaujua ugonjwa huu kwa damu katika mkojo au choo, na kwa tumbo lililovimba. Kwamba huweza pia kuyabana mapafu na kuuchosha moyo ni habari isiyosikika sana vijijini, ingawa imeandikwa na madaktari tangu miaka ya 1930, na ingawa Ukambani ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambako kichocho cha tumbo kimechunguzwa kwa makini zaidi.

Historia yenyewe inaanzia Misri. Mwaka 1242 tabibu Ibn al-Nafis, aliyesomea Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika sherehe ya maandiko ya Ibn Sina kuhusu maumbile ya mwili. Humo aliwapinga wote waliofuata mafundisho ya Mgiriki Galen kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo. Ukuta huo hauna matundu, alisema. Damu hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, huchanganyika na hewa, ndipo hurudi upande wa kushoto. Ulaya ilimpa sifa hizo Michael Servetus aliyeandika mwaka 1553, na Mwingereza William Harvey aliyeukamilisha mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Ni mwaka 1924 tu ambapo daktari Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliufufua ukweli huo kutokana na mswada uliohifadhiwa Berlin.

Katika mji uleule wa Cairo, mwaka 1851, Mjerumani Theodor Bilharz alikuwa akipasua maiti katika hospitali ya Qasr al-Ayni alipoona minyoo wa kichocho ndani ya mishipa ya damu. Mwaka 1904 William Symmers, naye akiwa Cairo, alieleza jinsi makovu yanavyoizunguka mishipa ya ini la mgonjwa wa kichocho na kuifanya migumu. Kisha mwaka 1938 Shaw na Ghareeb wakachapisha uchunguzi wa maiti za Wamisri uliolifikisha jambo mwisho wake: mayai ya kichocho yalikuwa yamekwama katika ateri ndogo za mapafu, kuta za ateri hizo zilikuwa zimenenepa, na moyo wa kulia ulikuwa umetanuka kwa kazi ya kusukuma damu katika njia iliyozibwa.

Yai linafikaje huko? Mnyoo jike wa kichocho cha tumbo hutaga takriban mayai 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, lakini mengi husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa. Mwili huyazungushia vinundu, vinundu huacha makovu, na miaka ikipita ini huwa kama bwawa lililojaa matope: damu inayotoka matumboni inakosa njia na mkazo unapanda nyuma yake. Wengu huvimba. Damu hutafuta michepuko, yaani vena za pembeni zinazolikwepa ini, na mayai nayo hufuata michepuko hiyo moja kwa moja hadi moyoni na mapafuni. Yai lina urefu wa mikroni 140 hivi, na kapilari ya pafu haizidi sana mikroni 8. Haliwezi kupita.

Mapafu hupokea damu yote ya moyo, takriban lita 5 kila dakika mtu akiwa ametulia, lakini kwa mkazo mdogo mno. Wastani wa kawaida katika ateri yake ni kama milimita 14 za zebaki, ilhali ateri za mwili hubeba karibu 90. Ukivuka 20, wataalamu sasa huuita shinikizo la juu la mapafu. Upande wa kulia wa moyo una ukuta mwembamba kwa sababu haukuumbwa kwa kazi nzito. Mgonjwa huanza kwa kuhema akipanda mlima, halafu akitembea tambarare, halafu miguu huvimba, na mwishowe kuna kuzimia.

Ukambani iliingia katika historia hii mapema miaka ya 1980. Katika kijiji cha Iietune, wilaya ya Machakos, kikundi cha watafiti wakiwemo John Ouma wa Wizara ya Afya ya Kenya, Anthony Butterworth na Robert Sturrock kiliwatibu watoto wa shule, kisha kikawafuatilia mitoni kuona nani anaingia majini na mara ngapi. Waligundua kwamba baadhi ya watoto hawakuambukizwa tena ingawa waliendelea kuoga na kuchota maji yaleyale yenye konokono. Hiyo ilikuwa moja ya dalili za mwanzo zilizo wazi kwamba binadamu hujenga kinga dhidi ya kichocho, na ilitoka kwa watoto wa Kikamba. Baadaye, huko Kangundo, walilinganisha njia mbalimbali za kutoa dawa, na kazi hiyo ikasaidia kuthibitisha faida ya kuwatibu watoto shuleni.

Ila swali lililo zito zaidi lilitoka upande ambao leo ni Makueni. Mwaka 1991 kundi hilo lilichapisha ulinganisho wa Kangundo, kwenye vilima vya juu, na Kambu, nyanda za joto upande wa Kibwezi. Kuambukizwa kulikuwapo kote kuwili, lakini maini na wengu zilizovimba zilikuwa nyingi zaidi Kambu, na wingi wa mayai pekee haukutosha kueleza tofauti hiyo. Wengi walishuku malaria, ambayo ni kali katika nyanda hizo. Makueni ilipokatwa kutoka Machakos mwaka 1992, utafiti ulifuata hukohuko. Masongaleni, walikohamia watu ambao hawakuwahi kukutana na kichocho, watafiti waliona jambo la ajabu: watu wazima na watoto walianza kuingia maji hayo kwa wakati mmoja, lakini mzigo mkubwa wa minyoo uliwaangukia watoto. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998, na yanaonyesha kwamba umri wenyewe una sehemu yake katika kinga. Miaka ya 2000 uchunguzi kwa watoto wa shule wa Makueni, ulioshirikisha wataalamu wa Kenya, Uingereza na Denmark, uliimarisha wazo kwamba malaria na kichocho vikikutana humzidishia mtoto maradhi ya tumbo.

Nazitaja kazi hizi kwa heshima kubwa, maana wazazi na watoto wa Ukambani walitoa choo, damu na muda wao, na dunia nzima imefaidika. Lakini maswali yake yalikuwa ya ini, wengu na kinga. Mapafu hayakuwa shabaha. Wengu uliovimba kwa makovu ya ini ni dalili kwamba michepuko ambayo mayai hupitia kuelekea mapafuni huenda imefunguka, na Kambu ndiko wengu zilizovimba zilikoonekana nyingi zaidi.

Ukubwa wa hatari tunaukadiria kutoka Brazil. Mwaka 2009 madaktari wa huko waliwapima wagonjwa 65 wenye kichocho kilichofikia ini na wengu, wakawapitishia waliotiliwa shaka katheta moyoni, njia ambayo Werner Forssmann aliijaribu kwa mara ya kwanza mwilini mwake mwenyewe huko Ujerumani mwaka 1929. Asilimia 4.6 walikuwa na shinikizo la juu la ateri za mapafu. Afrika nayo iliunda daftari lake la wagonjwa wa shinikizo hili, PAPUCO, lililokusanya watu 220 kutoka Cameroon, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini. Kenya haikuwamo.

Jambo hili lina uzito hata katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwaka 1946, Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Stockholm walionyesha kwa paka kwamba oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana, kinyume na mishipa ya kwingineko mwilini. Mtu mwenye ateri zilizozibwa na mayai, akipata nimonia, hubanwa mara mbili. Oksijeni huilegeza mishipa hiyo kidogo. Mashine ya kupumulia ni suala jingine. Tangu Bjørn Ibsen awaokoe wagonjwa wa polio mjini Copenhagen mwaka 1952, wanafunzi wa udaktari wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono usiku na mchana, tumekuwa tukisukuma hewa ndani ya mapafu badala ya kuivuta kama kifua kinavyofanya. Hewa inayosukumwa kwa nguvu huibana mishipa myembamba na kuuongezea mzigo moyo wa kulia. Mwenye moyo uliokwisha kuchoka anaweza kudhurika, na daktari anayejua historia ya mgonjwa huiweka mashine kwa tahadhari zaidi. Tangu mwaka 2020, kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kiliposhona barakoa za corona, mazungumzo ya oksijeni na mashine yamekuwa ya kila kaunti. Historia ya kichocho ya mgonjwa inastahili kuwamo katika mazungumzo hayo.

Dawa ya prazikwanteli, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, huua minyoo wengi waliokomaa kwa dozi moja. Makovu ya zamani haiyaondoi. Kwa hiyo maji ndiyo kinga ya kwanza, na hapa Kitui ina jambo la kujivunia: mamia ya mabwawa ya mchanga yaliyojengwa na jamii kwa msaada wa shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Maji yaliyojificha ndani ya mchanga hayamfugi konokono, na mama anayechota hapo haingizi miguu katika dimbwi.

Ninaziomba idara za afya za Kitui na Makueni ziwapeleke wagonjwa wenye wengu mkubwa wakapigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na majibu yaandikwe na kuhesabiwa. Nawe msomaji, ikiwa ulikulia kando ya Athi, Tiva, Kambu au Kibwezi na sasa unahema kwa kazi ndogo, usiseme ni uzee. Mwambie daktari ulioga mto gani ukiwa mtoto, na umwombe aupime moyo wako.