Mahindi yakigeuka manjano: tazama jani kabla ya kununua mbolea

Mahindi yamefika magotini, mara majani yanaanza kuwa manjano. Wengi hukimbilia dukani kununua mbolea. Lakini si kila manjano ni njaa ya mbolea, na mbolea inayowekwa kwenye mahindi yenye virusi ni pesa iliyopotea. Kwanza ingia shambani uangalie: manjano yameanzia majani ya chini au ya juu? Yana umbo gani?

Majani ya chini, manjano katikati
Manjano yakianzia kwenye ncha na kushuka katikati ya jani kama herufi V, huku kingo zikibaki kijani, mmea umepungukiwa na naitrojeni. Palilia kwanza, magugu yasile mbolea. Kisha weka mbolea ya kukuzia, CAN au urea, udongo ukiwa na unyevu. Isiguse shina. Ifukie, hasa urea, kwani ikiachwa juu ya udongo sehemu yake hupotea hewani.

Majani ya chini, manjano kingoni
Kingo zikigeuka manjano kisha kukauka kama zimeungua, kinachopungua ni potasiamu. Tumia samadi na mbolea yenye potasiamu. Baada ya mavuno usiondoe mabua yote shambani, maana yana potasiamu nyingi.

Maji yametuama
Mizizi ikikosa hewa haiwezi kula chakula kilichopo. Chimba mifereji kwanza; mbolea isubiri maji yaondoke.

Majani machanga ya juu
Vistari vyembamba vya manjano vilivyokatikakatika, vikifuata urefu wa jani, ni dalili ya ugonjwa wa milia. Mabaka ya manjano yanayoanzia chini ya jani changa, kisha jani kukauka kutoka kingoni, yanaweza kuwa MLN, ugonjwa ulioonekana Kenya mwaka 2011 na kuenea kwa majirani. Yote miwili ni ya virusi, huenezwa na wadudu na haina dawa ya kuitibu. Ng'oa mimea michache iliyougua mapema, msimu ujao panda maharage hapo, na ukirudia mahindi nunua mbegu inayostahimili.

Majani ya chini yakikauka wakati magunzi yanakomaa, usihofu. Ni uzee tu.

Jani lililokwisha kukauka halirudi kijani. Baada ya wiki mbili angalia majani mapya. Yakiwa bado manjano, yapige picha kwa simu, ya chini na ya juu, umwonyeshe bwana shamba au bibi shamba wako.