Nyungunyungu wa Plastiki na Kalibu ya Jikoni

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze kuhusu chambo. Naam, chambo cha samaki! Wanaovua kwa burudani hutumia nyungunyungu wa plastiki laini, na wengi humtengeneza nyumbani. Kinachonivutia mimi ni kalibu, yaani kile kifaa cha kuipa plastiki umbo, kama kalibu ya matofali.

Kisa kinaanzia Akron, Ohio, mji wa viwanda vya mpira huko Marekani. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta njia ya kugandisha mpira kwenye chuma. Alichemsha PVC (ndiyo, hii hii ya mabomba yetu ya maji) ndani ya kiyeyushi, akapata kitu kinachonyumbuka. Mwaka 1949, katika mji huo huo, fundi mitambo Nick Creme na mkewe Cosma walipika vinyl, mafuta na rangi nyumbani kwao. Na kalibu je? Walichukua nyungunyungu halisi, wakatoa chapa ya mwili wake. Kufikia 1951 walikuwa wakiuza kwa posta, watano kwa dola moja.

Ujanja uko hapa. Plastiki ngumu ikiganda penye shingo nyembamba haitoki mpaka kitu kivunjike. Hii laini unaivuta tu. Basi kalibu ya kipande kimoja inatosha: bandika mfano ndani ya kisanduku, mimina plasta kama ile ya kufungia mfupa, ikishika toa mfano. Kasoro yake ni kuwa upande mmoja wa chambo hutoka bapa. Ukitaka mviringo unahitaji vipande viwili, pini za kuvilinganisha, mlango wa kumiminia na vijitundu vya hewa, la sivyo mkia hautajaa. Mlango uwe mpana, maana plastiki husinyaa ikipoa na lazima ivute akiba kutoka mahali.

Sasa fikiria kama mwanaprogramu. Sisi tunaweza kuuza programu na kuuficha msimbo. Creme hakuweza: kila nyungunyungu aliyemuuza ni mfano tayari wa kutengenezea kalibu nyingine. Mteja mwenye plasta ni mshindani. Lakini naye alimnakili nyungunyungu wa bustanini, ambaye hana wakili.

Tahadhari kwa wanaotaka kujaribu. Plastiki hii humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 170 hadi 180 hivi za Selsiasi. Plasta yenye unyevu ikikutana nayo, maji hugeuka mvuke ghafla na kukurushia plastiki usoni. Ukiipasha kupita kiasi hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, sumu kwa mapafu. Fanyia kazi nje, na sufuria hiyo isirudi kwenye ugali.

Siku hizi umbo huchorwa kwenye tarakilishi, kisha mashine huchonga kalibu ya alumini. Wenye printa ya 3D hupata kikwazo: plastiki ya PLA inayotumika sana hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, haiwezi kumiminiwa moto huo. Kwa hiyo huchapisha nyungunyungu mwenyewe, wakammwagia silikoni, na silikoni ndiyo inayokuwa kalibu.