Gramu 20.5 kwa Lita Moja

Pakiti ya ORS, unga unaokorogwa kwenye lita moja ya maji ili kumrudishia anayeharisha maji na chumvi, ina gramu 20.5: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9. Vipimo hivyo vimetoka mbali.

Mwaka 1971, vita vya ukombozi wa Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu hadi India, na kipindupindu kikawafuata huko huko. Katika hospitali ya Bangaon, Dk. Dilip Mahalanabis alikuta vyumba viwili vimefurika wagonjwa, wengine wamelazwa sakafuni. Ili kuwatundikia dripu ilibidi apige magoti kwenye matapishi na kinyesi. Na dripu zenyewe zilikuwa zinaisha.

Majaribio ya Dhaka ya mwaka 1968 yalikuwa yameshaonyesha kwamba utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu hufyonza chumvi na maji ukisaidiwa na glukosi. Lakini wagonjwa wale waliangaliwa na madaktari usiku na mchana. Bangaon madaktari walikuwa wachache mno, basi kazi ikahamia kwenye mizani. Huko Calcutta walipima, kwa kila lita, glukosi gramu 22, chumvi 3.5 na bikaboneti ya sodiamu 2.5, wakatia unga kwenye mifuko ya plastiki na kuiziba kwa pasi ya moto. Katika kambi ya wakimbizi unga huo ulikorogwa kwa maji katika mapipa yenye koki. Ndugu wakakinga kwa vikombe na kuwanywesha wagonjwa wao. Vifo, vilivyokuwa vikifikia asilimia 30, vikashuka hadi 3.6.

Waliopima unga ule wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa. Maana chumvi ikizidi, sodiamu hupanda katika damu ya mtoto na anaweza kushikwa na degedege. Sukari ikizidi, huvuta maji utumboni na mtoto akazidi kuhara.

Bikaboneti nayo ilisumbua: kwenye joto na unyevu unga uliganda na kugeuka kahawia, ndiyo maana miaka ya 1980 ikaingizwa sitrati, inayokaa muda mrefu bila kuharibika. Mwaka 2002 WHO na UNICEF walipunguza glukosi na chumvi, baada ya kuonekana kwamba mchanganyiko mwepesi hupunguza kutapika na haja ya dripu.

Lakini vipimo hivyo vyote huharibika maji yakikosewa, kwa hiyo anayekabidhi pakiti kwenye dirisha la dawa amuulize mama nyumbani ana chombo gani cha kupimia, kisha amwonyeshe lita moja inaishia wapi. Akumbushwe pia kwamba kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe, akoroge kingine.