Pikipiki za magurudumu manne: Uboreshaji huanza chini, injini huja mwisho

PIKIPIKI ya magurudumu manne ya michezo ni chombo tofauti kabisa na ile inayotumiwa shambani. Ya shambani huwa nzito na aghalabu husukumwa na magurudumu yote manne. Ya michezo ni nyepesi, ina klachi ya mkono na gia za mguu, na nguvu zake huenda kwenye magurudumu ya nyuma pekee kupitia mnyororo. Ekseli yake ya nyuma ni kipande kimoja kisicho na difarensha. Kwa sababu hiyo, magurudumu ya nyuma huzunguka kwa kasi moja hata kwenye kona, na dereva hulazimika kuegemea ndani na kuiacha iteleze kidogo.

Mfano maarufu ni Yamaha Raptor 700, iliyozinduliwa kama modeli ya 2006. Injini yake ya silinda moja ina ujazo wa sentimita 686 za ujazo na hunyunyiziwa mafuta kwa mfumo wa kielektroniki, tofauti na Raptor 660 iliyoitangulia, ambayo ilitumia kabureta. Marcos Patronelli wa Argentina aliitumia Raptor kutwaa ubingwa wa Dakar katika kitengo hiki mwaka wa 2010, kabla ya kushinda tena 2013 na 2016. Kitengo hicho kiliondolewa kuanzia makala ya 2025.

Wamiliki wengi wanaotaka kasi zaidi hukimbilia ekzosi yenye kishindo. Hapo ndipo huanza hasara, kwa kuwa nguvu zisizoweza kufika ardhini wala kuzuiliwa na breki hazina faida, na injini iliyoongezewa hewa bila mafuta haidumu.

Ukaguzi kwanza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kununua kifaa chochote, beringi za magurudumu, viungo vya usukani, mnyororo, breki na nafasi za valvu zikaguliwe. Kichungi cha hewa kilichojaa vumbi hupunguza nguvu, na kilichopasuka hupitisha mchanga unaosugua silinda hadi injini ikaanza kula oili.

Magurudumu na shokamzoba

Tairi za pikipiki hizi hujazwa upepo kidogo mno, takriban pauni 4 hadi 5 kwa kila inchi mraba. Tofauti ya pauni moja tu kati ya tairi mbili za ekseli moja huweza kuivuta pikipiki upande. Kwenye udongo laini hufaa tairi zenye meno marefu, na kwenye ardhi ngumu hufaa za meno mafupi yaliyokaribiana.

Shokamzoba nazo zirekebishwe kulingana na uzito wa dereva. Springi laini mno huifanya pikipiki igonge chini ikitua, na ngumu mno huirusharusha kwenye mashimo. Wanaoshindana katika motokrosi pia hupanua nafasi kati ya magurudumu hadi karibu sentimita 127 ili isipinduke upesi. Msituni, hata hivyo, upana huo hugonga miti.

Gia

Njia ya bei nafuu ya kubadilisha tabia ya pikipiki ni kubadilisha idadi ya meno ya sproketi. Iwapo ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 38, kuweka ya mbele yenye meno 13 huongeza msukumo kwenye magurudumu kwa karibu asilimia 8. Pikipiki itachomoka upesi zaidi, lakini kasi yake ya mwisho itapungua kwa kiasi kama hicho.

Hewa na mafuta

Kichungi kinachopitisha hewa zaidi na ekzosi nyepesi huisaidia injini kupumua. Petroli huungua kikamilifu sehemu 14.7 za hewa, kwa uzani, zinapochanganyika na sehemu moja ya mafuta. Injini inayokazwa huhitaji mafuta zaidi, takriban sehemu moja kwa 13 za hewa. Hewa ikiongezwa na mafuta yakabaki yalivyo, joto hupanda na pistoni huweza kuyeyuka. Hivyo basi, kompyuta ya injini hupangwa upya au, kwenye modeli za zamani, jeti za kabureta hubadilishwa.

Mwinuko pia una athari. Injini isiyo na taboo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 juu ya bahari. Kabureta iliyorekebishwa Nairobi, penye hewa nyepesi, itakuwa na mafuta haba ikipelekwa Mombasa, na hiyo ndiyo hali inayoua injini.

Ndani ya injini

Kemshafti mpya na pistoni inayobana hewa zaidi huongeza nguvu kwelikweli. Hata hivyo, pistoni hiyo hudai petroli ya okteni ya juu, springi ngumu za klachi na rejeta iliyo safi. Mwenye kuridhika na mwendo wa wikendi hana haja ya kufika hapa.

Usalama na sheria

Majimbo kadhaa ya Marekani, California ikiwemo, yameweka kikomo cha desibeli 96 kwa kelele za vyombo hivi. Aidha, kila nguvu inapoongezwa, breki zitazamwe upya: pedi bora, oili mpya ya breki na mipira isiyotanuka. Kamba ya kuzima injini, inayofungwa kwenye kifundo cha mkono, ni ya gharama ndogo kuliko vifaa vingi vilivyotajwa hapa, nayo huizuia pikipiki kuendelea kukimbia baada ya dereva kuanguka. Kofia ngumu na kinga ya kifua ni lazima, na abiria asipakiwe kamwe, kwani kiti kirefu cha pikipiki hii ni cha dereva kusogeza mwili wake kwenye kona.