Roboti Imesimama, au Amesimama?

Mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video hana nafasi ya kufungua kamusi. Mtambo mrefu kama ghorofa sita unainuka, watazamaji wamekodoa macho, naye anatakiwa kusema papo hapo: roboti imesimama, au roboti amesimama? Tofauti ni kiambishi kimoja, lakini akishakitamka amekwisha kuamua kama kile kitu kina uhai. Kijapani, lugha ya asili ya hadithi hizi za mitambo, ukiacha vitenzi vya kusema kitu kipo, hakimbani msemaji namna hiyo. Kiswahili kinambana kila sentensi.

Neno lenyewe halisaidii. Roboti ilizaliwa katika tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek mwaka 1920, na jina hilo Čapek alipewa na kaka yake, Josef, kutokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shokoa. Wala roboti hao hawakuwa wa chuma: walikuwa vibarua waliofinyangwa kwa kitu kinachofanana na nyama. Hao wangestahili kabisa kusemewa "amesimama".

Wajapani walipoikuza roboti hadi ikapita nyumba, walianza na chuma. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora hadithi ya Tetsujin nambari 28. Tetsu ni chuma, jin ni mtu. Huyo mtu wa chuma hana akili yake. Anaendeshwa na mtoto kwa rimoti, na mhalifu akiipora rimoti, nguvu zote zinahamia kwake. Naona nimeandika "anaendeshwa", wakati kwa haki ilipasa "inaendeshwa". Umbo la mtu linauvuta ulimi.

Mwaka 1972 Go Nagai alimpandisha kijana ndani ya kichwa cha mtambo wenyewe, Mazinger Z. Katika jina hilo mna mwangwi wa majin, mungu-shetani, neno ambalo Wajapani hulitumia pia kwa jini wa taa ya Aladini. Majin na majini hayana undugu wowote, ila mtafsiri wetu akiteleza hapo nitamsamehe.

Kazi ngumu iko kwa Gundam, ya Yoshiyuki Tomino, iliyoanza kuonyeshwa Aprili 1979. Kwa Kijapani mfululizo unaitwa Kidō Senshi Gandamu. Senshi ni mpiganaji. Kidō ni wepesi wa kikosi kusogea na kugeuka vitani, na neno hilo limo katika jina la polisi wa Japani wa kutuliza ghasia. Lakini jina la Kiingereza, Mobile Suit Gundam, halimtaji mpiganaji hata kidogo. Linataja vazi. Na ndani ya hadithi wahusika wenyewe huziita zana hizo mobiru sutsu, kwa matamshi ya Kijapani. Anayetafsiri neno kwa neno atapata "suti ya rununu", na msomaji wa Nairobi atadhani ni nguo ya kuwekea simu.

Mimi ningesema deraya. Ni neno la zamani la vazi la chuma la vita, na tayari limehamia kwenye magari ya jeshi. Kutoka gari la deraya hadi deraya yenye miguu si mbali. Gundam ina urefu wa mita 18, na rubani wake, Amuro Ray, ni mvulana wa miaka 15. Akishuka, deraya imebaki imesimama tu, kama koti kwenye msumari. Hapa "imesimama" haina ubishi. Neno meka, jina la mitambo hii, nalo ni fupi na tamu kutamka, lakini Wajapani huita hata gari na bunduki kwa jina hilo, kwa hiyo halinitoshi.

Basi nilidhani nimemaliza, deraya itafaa kwa yote, mpaka nikafikia Evangelion ya Hideaki Anno, ya mwaka 1995. Huko jitu linapigana likiwa limeunganishwa na waya wa umeme unaoitwa kitovu. Waya ukikatika, betri inadumu dakika tano. Mashine kabisa, unasema. Lakini katika sehemu ya pili kofia ya chuma inadondoka na jicho linafunguka. Katika sehemu ya 19 umeme unakwisha, rubani hana la kufanya, na jitu linainuka lenyewe. Ndipo tunaambiwa kwamba yale mabamba ya chuma hayakuwekwa kulikinga. Yaliwekwa kulizuia. Deraya yangu ikageuka pingu.

Aliyetafsiri "imeinuka" tangu mwanzo sasa ameumbuka. Aliyesema "ameinuka" alitoboa siri mapema. Ila aliyesema jitu la chuma yuko salama, kwa sababu jitu ni mtu aliyekuzwa, na ukubwa huo unaruhusu upatanisho wa li- kwa chenye uhai na kisicho nao. Limeinuka, anasema, na kibandani hakuna anayejua bado.