Mikunjo ya Sisibo

Mwaka 1984 wanafunzi 83 wa somo la misitu walihamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi wakawa ndio wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichopewa makao huko Kesses, nje ya Eldoret. Kuanza na misitu hakukuwa jambo la ajabu. Ukishika barabara kuu ya kuelekea Uganda, kabla ya kufika Webuye unapita Turbo, na mashamba ya miti ya Turbo yalipandwa kwa ajili ya kulisha kiwanda cha karatasi cha PanPaper, kilichoanza kazi Webuye mwaka 1974. Msafiri wa enzi hizo alijua kwa pua kwamba amekaribia: ile harufu ya kabichi iliyooza haikusahaulika.

Chuo hicho kilitokana na ripoti ya mwaka 1981 ya tume ya Mkanada Colin Mackay. Ripoti hiyo hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kuleta masomo ya mikono katika shule za msingi. Mtoto wa Eldoret, mji ambao wenyeji wengi bado huuita Sisibo kutokana na "sixty-four", yaani shamba nambari 64 la walowezi, akajikuta na somo la Sanaa na Ufundi: kufinyanga, kusuka, kuchora, kukata na kukunja karatasi.

Ukunjaji wenyewe ulikuwa umezunguka dunia kabla ya kufika darasani. Wajapani huuita origami, kutokana na oru, kukunja, na kami, karatasi, na mwaka 1797 tayari walikuwa wamechapisha kitabu cha kufundisha jinsi ya kukunja korongo walioungana. Lakini aliyeupeleka darasani kama somo la watoto wadogo ni Mjerumani, Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya chekechea mwaka 1837 na kuiweka karatasi miongoni mwa kazi za kila siku. Mfumo wake ukaenea Uingereza, na mwaka 1876 ukafika Tokyo, ambako mikunjo ya Kijerumani ilikutana na ya Kijapani. Kwa hiyo mwalimu aliyekunja mashua mbele ya darasa la tatu alikuwa na babu wawili, wala hakuna aliyemwambia.

Tatizo la somo hili popote ni kwamba mikono haifanani. Ndege ya karatasi kila mtoto anaiweza, tena huikunja mwalimu akigeukia ubao. Mashua inataka subira kidogo. Korongo anataka mikunjo karibu ishirini, tena karatasi ya mraba, na ukurasa wa daftari si mraba. Hapo watoto walikuwa na ufundi wao: kona inakunjwa mshazari hadi ukingo wa pili, kipande kinachobaki kinapigwa ukucha, kinalambwa kwa ulimi kikalainika, kisha kinachanwa polepole. Aliyeharakisha alichana kikaenda upande, akaomba ukurasa mwingine kwa jirani. Jirani huyo aliyekwisha kumaliza ndiye aliyekuwa mwalimu halisi wa safu yake.

Mjapani Akira Yoshizawa alipunguza mzigo wa maelezo. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alitumia mistari ya nukta na mishale kuonyesha mkunjo wa bonde na mkunjo wa mlima, alama ambazo wakunjaji kote duniani wanazisoma bila kujua Kijapani. Kwa mtoto wa Eldoret aliyewahi kusimama Iten akaona ardhi inavyokatika hadi Bonde la Kerio, alama hizo zinataka maelezo machache sana.

Somo lilidhoofishwa na mtihani. Ukiacha insha, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ya kuchagua jibu kati ya A, B, C na D, na Sanaa na Ufundi iliwekwa karatasi moja na Muziki. Mtu angeweza kufaulu kukunja bila kukunja chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo liliondolewa kwenye mtihani. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa ya bure, madarasa yakafurika, na mwalimu mwenye watoto wengi hivyo hakuwa na haja ya kuongeza karatasi za kuchezea.

Madukani ukunjaji haukuhitaji silabasi. Muuza njugu huzungusha kipande cha karatasi mkononi kikawa pembe, huisokota ncha, humimina njugu, kisha huukunja mdomo mara mbili kwa kidole gumba. Mwenye bucha alifunga nyama kwa gazeti la jana. Na kila Januari, dada mkubwa alikaa sakafuni na karatasi ya kaki akijalidi vitabu vya wadogo zake. Kona zikikosewa, kitabu kinafunguka kabla ya wiki kwisha. Mifuko ya plastiki ilimnyang'anya mwenye duka sehemu ya kazi hii, hadi ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. PanPaper haikunufaika kwa jina lake: ilikuwa imefungwa mwaka 2009, na ilipofufuliwa ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Rai.

Januari 2019 mtaala wa umilisi uliingia madarasa ya chini kote nchini, na kukunja kukarudi shuleni pamoja nao. Safari hii kazi nyingi zinaishia nyumbani usiku, mezani, mbele ya mzazi aliyesoma 8-4-4. Baadhi ya wazazi vidole vyao vinakumbuka. Wengine wanaigeuza karatasi ya manila huku na huku, kisha wanamwita yule mtoto wa jirani. Nazo kurasa za daftari lililokwisha huishia kwa muuza njugu. Ukimaliza njugu zako ukaikunjua ile pembe, unakuta hesabu za mtu na tiki nyekundu ya mwalimu.