Swichi yenye haizimi: historia ya umeme uliozidi ndani ya ndege ndogo

Leo tuongelee namna ndege ndogo zilijifunza kujikinga na umeme uliozidi.

Zamani, magari na ndege ndogo zilitumia dinamo. Ilikuwa nzito, na moteri ikizunguka polepole, kurani ilikuwa kidogo. Diode za silikoni ndizo zilibadilisha mambo. Mwaka 1960, kampuni ya Chrysler huko Marekani iliweka alternateri katika gari lake Valiant. Katika miaka hiyo ya 1960, ndege za Cessna nazo zikaanza kuacha dinamo.

Alternateri inatengeneza sumaku yake kwa kurani ndogo yenye kupita katika koili ya ndani. Regulateri inapima hiyo kurani, ili volti zibakie karibu 14 kwa batri ya volti 12. Regulateri ikiharibika na kuacha kurani ipite bila kipimo, volti zinapanda. Batri inajaribu kumeza ile ziada, inapata moto, maji yake yanachemka. Kisha redio na vyombo vingine vinaungua.

Kwa Cessna 172 za miaka ya 1970, dawa ilikuwa rahisi, juu regulateri ilikaa mbali na alternateri. Kati yao kulikuwa waya mdogo. Volti zikizidi, kifaa cha ulinzi kilikata kurani ya koili, alternateri inalala, taa nyekundu inawaka mbele ya rubani. Alizima swichi kubwa na kuiwasha tena. Taa ikirudi, aliendelea kwa batri tu na kutafuta pa kutua. Moteri haikusimama, sababu manyeto zake zinajitengenezea umeme.

Shida ilitokea wakati viwanda vya magari viliingiza regulateri ndani ya alternateri yenyewe. Ni nyepesi, bei nafuu, waya chache. Watu wanaojitengenezea ndege huko Marekani wakaipenda sana. Lakini kwa nyingi kati yake, kurani ya koili inatoka humo humo ndani. Rubani anazima swichi, kumbe anatuma amri kwa ile regulateri ambayo imekwisha kuharibika. Nani atamsikia? Dereva wa gari anaweza kusimama kando ya barabara. Mwenye kuwa angani hawezi.

Bob Nuckolls, fundi wa umeme wa ndege kutoka Kansas, aliandika sana juu ya jambo hili. Njia moja aliyoeleza: kuweka rele kubwa kwenye waya mnene wa kutokea alternateri, na kifaa chenye kuifungua volti zikipita karibu 16. Hapo tena likazuka lingine. Ukikata ule waya ghafla wakati alternateri inabeba mzigo, sumaku yake haifi mara moja. Volti zinaruka, na regulateri nzima inaweza kuungua. Watu waliozima swichi bure wakati moteri inazunguka, waliweza kuua alternateri yenye haikuwa na ugonjwa.

Kwangu, hii historia inaonyesha jambo moja: mlinzi asikae ndani ya nyumba anayolinda, na njia ya kuzima isipitie katika kile chenye kinaweza kuharibika. Wengi wetu tunanunua mashine za kusaga, pompe na vifaa vya jua kwa ajili ya vikundi vyetu. Tunauliza bei, tunauliza nguvu. Tuulize pia: ikikataa kunisikia, nitaizima kwa njia gani?